Nani Anayakoroga Maji Haya?

Jioni ya Alhamisi, tarehe 23 Machi 1989, nikiwa mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili ya kemia katika chuo kikuu kimoja cha katikati ya Marekani, niliingia chumba cha televisheni cha bweni letu kutazama utabiri wa hali ya hewa, nikawakuta wenzangu wamesimama badala ya kuketi. Televisheni ilikuwa ikiwaonyesha wanakemia wawili na chombo cha kioo ambacho ungeweza kukibeba kwa mkono mmoja. Mmoja alikuwa Stanley Pons, mkuu wa idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Utah. Wa pili alikuwa Martin Fleischmann wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Walisema kwamba wamepitisha umeme katika maji mazito, yaani maji ambayo hidrojeni yake ni ile nzito iitwayo deuteri, kwa kutumia kipande cha metali ya paladi, na kwamba chombo chao kimetoa joto linalozidi kila linaloweza kuelezwa na kemia. Joto hilo, walisema, latokana na viini vya atomi za deuteri kuungana na kuwa kitu kimoja. Kazi ambayo jua huifanya katika moto wa mamilioni ya nyuzi, wao walidai wameifanya mezani, katika chumba cha kawaida, tena kwa fedha za mifukoni mwao zipatazo dola 100,000.

Wakati huo jambo hili lilipewa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita myeyungano baridi (kwa Kiingereza, cold fusion). Usiku ule sikulala. Haikuwa imetimia hata miaka mitatu tangu kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, na kulipopambazuka Ijumaa tukasikia kwamba meli ya Exxon Valdez imepanda mwamba huko Alaska na kumwaga baharini mafuta ghafi ambayo baadaye yalikadiriwa kuzidi lita milioni 40. Watu walioziona habari hizo mbili zikifuatana, moja ya bahari iliyochafuliwa na nyingine ya bahari itakayotupatia nishati isiyo na moshi, hawahitaji kulaumiwa kwa kutumaini. Deuteri haichimbwi kwa vita wala haimilikiwi na taifa lolote, kwani katika kila atomi 6,400 hivi za hidrojeni zilizomo katika maji ya bahari, moja ni ya deuteri.

Nami nilikuwa na bahari yangu. Nyumbani kwetu ni kijiji kilicho karibu na Pangani, ambako miaka ile nguzo ya umeme ilikuwa bado haijafika. Nilisoma kwa kibatari hadi nilipokwenda shule ya bweni, na kila likizo nilimkuta mama akizifuata kuni mbali zaidi kuliko likizo iliyotangulia. Nilipoliona lile gilasi la maji katika televisheni sikuwaza soko la hisa la New York wala mashindano ya vyuo vikuu. Niliwaza taa juu ya meza ya mama. Nalieleza hili mapema kwa sababu yote niliyokosea katika wiki zilizofuata yalitoka hapo, na hata leo siamini kwamba tumaini lenyewe ndilo lililokuwa kosa.

Fikra yao haikuwa ya kipuuzi. Tangu mwaka 1866, kwa kazi ya Mskoti Thomas Graham, wanakemia wamejua kwamba paladi huimeza hidrojeni kama mchanga umezavyo maji, hadi mara 900 hivi ya ujazo wake yenyewe. Ukiisukuma deuteri kwa umeme ndani ya metali hiyo, atomi zake husongamana mno, na mtu anaweza kujiuliza kama msongamano huo hauwezi kuvifanya viini vikaribiane vya kutosha. Wanafizikia nao walikuwa na jibu lisilo na chuki ndani yake. Viini viwili vya deuteri vinapoungana, karibu nusu ya nyakati hutoka nyutroni, chembe ya ndani ya kiini isiyo na chaji, karibu nusu nyingine hutoka tritio, hidrojeni iliyo nzito zaidi, na ni mara chache sana hubaki heli peke yake pamoja na mnururisho mkali wa gama. Wati moja tu ya joto la namna hiyo ingeandamana na nyutroni zipatazo trilioni moja kila sekunde. Mwanafizikia mmoja wa jengo la jirani alituchorea hesabu hiyo ubaoni, akaweka chaki chini, akasema kwa upole, “Kama kile chombo kinafanya wanachosema, waliokisimamia wangekuwa wamekwisha kufa kwa mnururisho.” Tulimwona mtu mwenye roho ngumu. Sikutambua kwamba alikuwa akitupa njia ya kujipima, na kwamba hakuwa ametufungia mlango.

Kilichotutatiza zaidi ni kwamba siku ya tangazo hapakuwa na makala ya kusoma. Baadaye ilijulikana kwamba Steven Jones wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, katika mji wa Provo katika jimbo hilo hilo la Utah, alikuwa akifanya utafiti wa karibu na wao, na kwamba pande mbili zilikuwa zimepatana kupeleka makala zao kwa pamoja tarehe 24 Machi. Tangazo la televisheni likaja siku moja kabla. Mambo ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, na nani alitangulia yakaiharakisha sayansi iliyohitaji miezi kadhaa ya kukaa kimya. Makala ya Pons na Fleischmann ilitoka tarehe 10 Aprili katika jarida la kemia ya umeme, nasi tulikwisha kuipata kwa faksi, nakala ya nakala ya nakala, tarakimu nyingine zimefifia hata tukawa tunabishana kama ni 3 au 8.

Profesa wangu aliamua tujaribu. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu kutoka Korea ya Kusini, na kijana mmoja Mmarekani aliyekuwa akimalizia udaktari wake. Tulipata waya wa paladi, tukauweka katikati ya chombo cha kioo ukiwa kathodi, yaani ncha hasi, tukauzungushia waya wa platini uwe anodi, yaani ncha chanya, tukajaza maji mazito yenye chumvi ya liti ili yapitishe umeme, tukakizamisha chombo katika beseni la maji lenye joto lisilobadilika la nyuzi 25. Hesabu yenyewe ni rahisi kuisimulia na ngumu kuitenda. Umeme unaoingia unaupima. Sehemu yake huliwa na kazi ya kuyapasua maji mazito kuwa gesi, na hiyo unaitoa kwa kupunguza volti 1.54. Kinachobaki hakina budi kuwa joto. Kisha unatazama kipimajoto: kama maji yamepanda zaidi ya yanavyostahili, kuna joto lisilo na mwenyewe.

Lakini utajuaje maji yanastahili kupanda kiasi gani? Hapo ndipo penye kazi, nayo kwa Kiswahili cha watu wa viwango huitwa ugezi. Unaweka hita ndogo ndani ya chombo kile kile, unaipa wati moja, mbili, tatu, na unaandika maji yamepanda kiasi gani. Chombo chetu kilipanda nyuzi 5 hivi kwa kila wati. Tuliufanya ugezi huo alasiri moja tu, kwa sababu redio ilisema chuo kingine kimekwisha kupata joto, nasi tuliona tunachelewa.

Ramadhani iliingia wiki mbili baada ya tangazo. Kwa kuwa nilikuwa niko macho usiku kwa ajili ya daku, nilijitolea zamu ya usiku, na wenzangu wakashukuru. Nilikuwa nikikaa na tende zangu na chupa ya chai mbele ya chombo kile kinachotoa viputo, nikiandika joto kila baada ya dakika 15. Usiku wa tarehe 18 Aprili, muda mfupi kabla ya kuanza kufunga, kipimajoto kilianza kupanda bila sisi kuuongeza umeme. Kilipanda nyuzi 1.5 kikasimama pale. Niliihesabu mara nne. Wati 0.3 zilikuwa zimetoka mahali pasipojulikana. Nilimwamsha profesa kwa simu, na mtu yule ambaye sikuwahi kumwona bila tai alifika maabara akiwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Alitazama, akaketi, akafunika uso kwa viganja viwili. Sitaki mtu amcheke. Nami nilikuwa nikilia.

Asubuhi ile nilifanya jambo ambalo limenifundisha zaidi ya shahada yangu. Nilimwandikia kaka yangu aerogramu. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, na ndiye aliyekwisha kuniuliza katika barua yake, “Dada, huo umeme wa maji ya bahari tunaousikia redioni, je, utafika kwetu lini?” Nilimjibu kwamba nimeuona kwa macho yangu. Sikuandika kwamba nimeona kipimajoto kikipanda nyuzi 1.5, niliandika kwamba nimeuona. Nikaitia barua posta.

Wiki ile ilikuwa ya kelele nchi nzima. Mjini Dallas, tarehe 12 Aprili, wanakemia wapatao 7,000 walikuwa wamemshangilia Pons. Bunge la Utah lilikwisha kupitisha dola milioni 5 kwa ajili ya utafiti huo. Wakati huo huo watafiti wa chuo cha Georgia Tech, waliotangaza kwamba wameziona nyutroni, walikuwa wameliondoa tangazo lao ndani ya siku chache baada ya kugundua kwamba kihesabuji chao kilikuwa kikihesabu hata joto la kawaida. Nakumbuka nilivyoisoma habari hiyo ya mwisho: niliwahurumia, nikageuza ukurasa. Haikunipitikia kwamba inanihusu.

Aliyetuokoa ni fundi wa vioo wa idara, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kutupulizia vyombo na kuziba nyufa. Alikuja Jumatatu kuchukua kipimo cha chombo cha pili tulichotaka kutengenezewa. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu viputo vinavyopanda kutoka kwenye waya, kipimajoto kilichokaa karibu na waya huo upande wa juu, na hita yetu ya ugezi iliyokuwa imening'inia karibu na sakafu ya chombo. Akauliza swali moja: “Nani anayakoroga maji haya?”

Kijana wa udaktari alimjibu kwamba viputo vinayakoroga. Mzee hakubisha. Alisema tu kwamba mkewe huwasha birika kila asubuhi na juu huwa moto wakati chini bado baridi.

Nilirudi bwenini jioni ile, nikafuturu, na badala ya kurudi kwenye hesabu nikajikuta namkumbuka babu yangu mzaa mama. Alikuwa imamu wa msikiti mdogo, na kila jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani baraza lake hujaa watu wanaotazama upande wa magharibi, juu ya mashamba ya minazi, kuutafuta mwezi mwandamo. Kila mtu alitaka uandame. Kanzu zilikuwa zimepigwa pasi, watoto walikuwa na viatu vipya chini ya kitanda, na babu mwenyewe, aliyekuwa mtu mzima na mwenye vidonda vya tumbo, alikuwa na hamu ya idi kuliko sisi sote. Hata hivyo, alipokuja mtu akipaza sauti kwamba ameuona, babu alimketisha, akampa maji, akaanza kumuuliza. Ulikuwa juu ya mnazi upi? Pembe zake zilielekea wapi? Uliuona kabla ya adhana au baada yake? Nani mwingine alikuwa nawe? Niliwahi kumwona akimrudisha kijana mmoja aliyeapa kwamba ameuona, kwa sababu pembe alizozichora mchangani kwa kidole zilielekea kule jua lilikotua, na mwezi mwandamo siku zote hulipa jua mgongo wake, si pembe zake. Kijana hakuwa mwongo. Alikuwa na hamu, na mbingu ya jioni ina mengi ya kumpa mwenye hamu. Mimi ndiye niliyekuwa kijana yule, na sikuwa na mtu aliyeniuliza pembe zimeelekea wapi hadi alipokuja fundi wa vioo.

Kesho yake tuliweka kikorogeo, kijiti cha sumaku kinachozungushwa kutoka chini, tukairudia shughuli ya ugezi kuanzia mwanzo kwa siku mbili nzima, na tukaweka chombo cha pili chenye maji ya kawaida kiwe shahidi. Tarehe 26 Aprili, siku ile ile ambayo Pons na Fleischmann walifika mbele ya kamati ya bunge mjini Washington, ambako dola milioni 25 za serikali ziliombwa, sisi tulikuwa tumesimama mbele ya kipimajoto chetu kinachoshuka. Zile nyuzi 1.5 ziliondoka ndani ya dakika chache baada ya kikorogeo kuanza kuzunguka. Maji ya juu, karibu na waya, yalikuwa yamepata moto kuliko yale ya chini, na kipimajoto chetu kilikuwa kimewekwa pale pale penye moto. Wati 0.3 hazikuwahi kuwapo. Profesa alitoa mfukoni taarifa aliyokwisha kuiandaa kwa ajili ya waandishi wa habari, akaikunja mara nne na kuiweka kati ya kurasa za daftari la maabara, ambamo nadhani imekaa hadi leo.

Siku tano baadaye, tarehe 1 Mei, wanafizikia walikutana Baltimore, na Nathan Lewis wa chuo cha Caltech, California, akaeleza mbele ya umati jinsi kundi lake lilivyotafuta joto, nyutroni, tritio na heli bila kuona kitu, na jinsi chombo kisichokorogwa kinavyoweza kumdanganya mwenye nacho. Nataka kuwa mwadilifu hapa. Fleischmann hakunyamaza, alionyesha picha za video za rangi ikisambaa upesi katika chombo chake, kuthibitisha kwamba viputo vyake vilikoroga vya kutosha. Kwa hiyo jibu letu sisi, la chombo chetu kipana na kipimajoto chetu kilichokaa vibaya, halikuwa jibu la kila chombo. Kilichobaki ni kwamba nyutroni hazikupatikana kwa wingi uliotakiwa, mchoro wa mnururisho wa gama uliokuwa ndani ya makala yao haukustahimili uchunguzi wa watu wa chuo cha MIT, na maabara ya Harwell kule Uingereza, iliyoanza kwa msaada wa Fleischmann mwenyewe, ilifunga majaribio yake mwezi Juni bila kuona kitu. Jopo la Wizara ya Nishati ya Marekani likaamua mwezi Novemba kwamba ushahidi hautoshi kuanzishiwa mpango maalumu.

Lakini namna mambo yalivyosemwa pale Baltimore iliniuma, na bado inaniuma. Mzungumzaji mmoja alilitaja kosa la wale wawili kwa maneno ya kuwadharau, na ukumbi ukashangilia. Fleischmann alikuwa mmoja wa wanakemia wakubwa wa umeme wa kizazi chake; kazi aliyoifanya na wenzake pale Southampton mwaka 1974 ilifungua njia mpya ya kuzichunguza molekuli juu ya uso wa metali, nayo inatumika duniani kote. Mtu wa namna hiyo akikosea, kosa lake linastahili kuchambuliwa, wala halihitaji kupigiwa makofi. Sisi Watanzania tuna mfano wetu. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule wa baridi, na mwalimu wake akamwambia kwamba amechanganyikiwa; baadaye mwalimu wa shule ya Mkwawa, Iringa, akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba tu. Alipoliuliza swali lile lile huko huko Mkwawa mbele ya mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakucheka wala hakukubali, alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Vipimo vya karibuni vimeitilia shaka athari hiyo, na mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walionyesha kwamba hata kuhamisha kipimajoto sentimita moja kunaweza kuileta au kuiondoa. Nilipoisoma habari hiyo niliona chombo changu cha 1989 mbele yangu. Hata hivyo alichokitenda Osborne siku ile hakikupungua thamani.

Barua yangu ya pili, niliyoituma mwishoni mwa Aprili, haikuikuta ya kwanza njiani. Ya kwanza ilikuwa imefika, na kaka alikuwa ameisoma kwa sauti barazani baada ya swala ya Ijumaa, kwa fahari ya kuwa na dada aliyeuona umeme wa bahari. Kijiji kilikuwa kikichanga fedha za jenereta ndogo ya zahanati. Wazee wawili watatu walisema basi tungoje, kwa nini tununue mashine ya dizeli ilhali mtoto wetu yuko kwenye kitu bora? Mchango ukasimama. Uliendelea tena barua ya pili ilipofika, lakini bei ilikuwa imepanda, na jenereta ikachelewa hadi mwaka uliofuata. Mama aliniandikia kwa mkono wa kaka, kwa kuwa hakujua kuandika: “Mwanangu, hatukukasirika. Ila ukitwambia jambo, sisi huwa tunalifuata.” Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Wanaosema kwamba tumaini la bure halimdhuru mtu hawajawahi kuwa na kijiji kinachowaamini.

Yaliyofuata katika sayansi nitayapita kwa haraka. Taasisi ya utafiti huo iliyofunguliwa Utah mwezi Agosti 1989 ilifungwa mwaka 1991. Pons na Fleischmann walihamia kusini mwa Ufaransa, kwenye maabara iliyogharamiwa na fedha za Toyota, nayo ikafungwa mwaka 1998. Januari 1992, katika maabara ya SRI kule Menlo Park, California, chombo cha majaribio haya kililipuka na kumuua mtafiti Andrew Riley, jambo ambalo hukumbukwa mara chache na wanaosimulia kisa hiki kana kwamba ni kichekesho. Fleischmann alifariki mwaka 2012 bila kuyakana aliyoyasema. Nami nilijifunza, kwa kuchelewa, kwamba kisa hiki kilikuwa na kaka mkubwa: mwaka 1926 Friedrich Paneth na Kurt Peters walitangaza mjini Berlin kwamba paladi imegeuza hidrojeni kuwa heli, na mwaka uliofuata wakakiri kwamba heli ile ilitoka katika vioo na asbesto za vifaa vyao wenyewe. Walijirekebisha kwa maandishi, na Paneth akaendelea kuheshimiwa hadi mwisho wa maisha yake.

Nilirudi nyumbani mwaka 1994, nikafundisha kemia kwa miaka mingi, na kwa sababu ya historia yangu watu wameniletea mitambo. Ninaukumbuka mmoja. Alikuja bwana mmoja mwenye heshima zake, amefuatana na wajumbe wa chama cha kuweka na kukopa waliotaka kuwekeza akiba za wanachama katika mashine yake inayochemsha maji kwa umeme kidogo kuliko inavyostahili. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali, na mwenye njaa hana miiko; niliuona ule mng'ao machoni mwao, nikautambua, kwa kuwa niliwahi kuwa nao. Sikumwita tapeli, na sikuwa na sababu ya kuamini kwamba ni tapeli. Nilimkaribisha chai, nikamuuliza kipimajoto kimekaa wapi, mita ya umeme aliigeza lini na kwa kutumia nini, na kama maji yanayogeuka mvuke na kuondoka ameyapima. Alijibu mawili. La tatu alisema atalirudia, na wajumbe wakakubali kungoja arudi na jibu. Hakurudi. Sijui kama tulimvunja moyo, na hilo hunisumbua kidogo, lakini akiba za wale wanachama zilibaki zilipokuwa.

Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha taarifa ya watafiti wapatao 30 waliofadhiliwa na Google, ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wameirudia kazi ile kwa vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Hawakuona joto la ziada wala dalili ya myeyungano baridi, na wakasema hivyo waziwazi, pamoja na yale waliyojifunza njiani kuhusu paladi na namna ya kupima joto. Niliisoma taarifa ile kwa furaha ambayo nilishindwa kuwaeleza wanafunzi wangu. Ilikuwa ndiyo kazi ambayo ingefanywa kimya kimya kabla ya tangazo la Machi 1989. Kisha, Agosti 2025, kundi la Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, likiongozwa na Curtis Berlinguette aliyekuwa miongoni mwa wale 30, likaandika kwamba deuteri iliyosukumwa kwa umeme ndani ya paladi inaongeza kwa asilimia 15 kasi ya myeyungano unaosababishwa na kuipiga metali hiyo kwa viini vya deuteri vyenye nguvu. Huo si myeyungano baridi wa Utah, na kifaa chao kinatumia umeme mwingi mno kuliko nishati kinachotoa, jambo ambalo wao wenyewe wamelieleza.

Niliipeleka habari hiyo Pangani nilipokwenda kumtembelea kaka. Amestaafu siku nyingi, macho yake yamepungua nguvu, na nyumba ya mama sasa ina umeme wa gridi, unaokatika mara kwa mara lakini unarudi. Tuliketi barazani, akanimiminia kahawa, nikamsomea makala kwa kuifasiri mstari kwa mstari. Alisikiliza bila kunikatiza hadi nilipofika kwenye ile asilimia 15. Hapo akainua mkono.

“Dada, na hawa, nani aliwakorogea maji?”

Nilimweleza kwamba safari hii hawakutegemea joto. Walihesabu nyutroni, moja moja, umeme ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa. Akafikiri kidogo, akaniomba nirudie hapo pa kuwasha na kuzima, taratibu, nami nikarudi juu ya ukurasa na kuanza upya.